Slaidi Inayouliza: Mto Ruaha Mbele ya Watoto wa Shule ya Msingi



Nimeulizwa mara nyingi, na wazazi na hata na walimu wa Shule ya Jumapili, juu ya zile picha za kuangaza ukutani ambazo siku hizi twaziita slaidi. Je, zinamfundisha mtoto, au zinamfurahisha macho tu? Swali hili ni la haki. Projekta ni ghali, na pengine hununuliwa kwa michango ya wazazi wenye shida zao nyingine. Tena vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, hata mwalimu wa kijijini sana aweza kuwa na chombo cha kuonyeshea picha mkobani mwake. Basi si vema tukae kimya kana kwamba jambo hili ni la watu wa mjini.

Nitaeleza kwa mfano mmoja tu, yaani somo la Mto Ruaha Mkuu. Mto huu ni wetu sote wa Mbeya na Iringa, na watu wazima wamegombana juu yake miaka mingi. Mahali wakubwa wanapogombana ndipo panapoonekana kama mwalimu anawafundisha watoto kufikiri, au anawafundisha kuitikia.

Kwanza tuseme lililo baya. Katika miaka niliyokuwa mkufunzi, kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwafuata wanachuo mashuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha. Slaidi zilipoingia, niliona jambo lile lile mahali pengi. Mwanachuo anachukua kitabu, ananakili ukurasa mzima, anauweka katika slaidi kwa maandishi madogo kama sisimizi. Anasoma. Watoto wanasoma baada yake kwa sauti moja. Anauliza, "Mmeelewa?" Wote themanini wanajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha wananakili. Na pale alipotaka kuonekana fundi zaidi, maneno yanaingia yakiruka kutoka pembeni kama panzi. Watoto wanacheka, na hakuna anayekumbuka maneno yenyewe yalisema nini. Huo ni ubao wa zamani uliotiwa umeme. Kwa kweli ubao wa chaki una nafuu, maana mtoto humwona mwalimu akichora mstari baada ya mstari, na hupata muda wa kufikiri.

Wataalamu wa elimu wana jina kwa njia iliyo kinyume cha hiyo: nadharia ya ujengaji wa maarifa. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe si gumu. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwasikiliza watoto. Jaribio lake moja mnaweza kulifanya jikoni leo. Mwonyeshe mtoto wa miaka minne au mitano vikombe viwili vinavyofanana, vyenye maji sawasawa. Mimina maji ya kikombe kimoja katika chupa nyembamba ndefu, kisha muulize ni wapi penye maji mengi. Huenda akakuonyesha chupa, kwa kuwa maji yamepanda juu. Mwambie kwamba amekosea: atanyamaza kwa heshima, na kesho atasema vile vile. Lakini akimimina mwenyewe, akarudisha, akamimina tena, na umri nao ukasogea, itafika siku atakushangaa wewe kwa kuuliza swali la kipuuzi. Hakuna aliyemwambia. Amejijengea mwenyewe.

Mwenzake wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alikazia jambo ambalo mama zetu walilijua bila kwenda chuoni. Kati ya kile anachokiweza mtoto peke yake na kile asichokiweza kabisa, kuna kile anachokiweza akisaidiwa. Binti hapewi ndoo ya lita ishirini siku yake ya kwanza kwenda mtoni. Hupewa kidumu kidogo na ngata kichwani, na dada yake akatembea kando yake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limetufikia juzi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1973, na sisi tuliokuwa watoto wakati huo, tunaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha redio ikazimwa wakaanza kuzungumza: hapa kijijini kwetu ugonjwa huu unatoka wapi, na sisi tufanye nini? Wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kazi ilifanyika katika ule muda baada ya redio kuzimwa. Mwalimu alishike jambo hilo, maana projekta nayo ina kitufe cha kuzimia.

Tena kwa miaka mingi walimu wa Tanzania wameandika andalio la somo lenye hatua zake: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, na tathmini. Hatua hizo zimepangwa ili mtoto ajenge. Slaidi nyingi nilizoziona huanzia kwenye maarifa mapya na kuishia hapo hapo.

Sasa twende mtoni.

Kabla ya kutengeneza slaidi hata moja, hapana budi mwalimu aujue mto wenyewe. Ruaha Mkuu unapata maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na mingineyo inashuka hadi tambarare za Usangu, nayo Ndembera inatoka upande wa Mufindi. Maji hutandaa katika ardhi oevu ya Ihefu, hutokea kwenye kizingiti cha mwamba paitwapo Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huungana na Ruaha Ndogo inayopita mjini Iringa, kisha huingia Mtera. Pale Mtera pana mitambo ya umeme ya megawati 80, na huko chini Kidatu pana megawati 204. Mwisho wake maji hayo huingia Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere limejengwa. Mtoto wa Chimala anayechezea maji ya mfereji anachezea taa ya mtu wa Dar es Salaam, wala hajui.

Zamani mto huu ulitiririka ndani ya hifadhi mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, majuma kadhaa mwaka huu na mengi zaidi mwaka mwingine. Viboko hubaki wamesongamana katika madimbwi ya matope.

Nani ameyamaliza maji? Sauti kubwa ilisema, ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na hifadhi. Mto haukuacha kukauka. Watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walikuwa wamekwisha kupima maji kabla ya hapo. Waliona kwamba sababu kubwa ya mto kukatika kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji ya mashamba, hata katika miezi ambayo mpunga umekwisha kuvunwa. Mkulima naye ana jibu lake: mfereji huo huo ndio kisima cha kijiji, watu hunywa humo na kuoshea humo, na mchele wa Mbeya unaliwa na hao hao wanaomlaumu.

Jamani, fikirini darasa la tano katika kijiji cha Usangu. Mtoto wa mkulima wa mpunga amekaa dawati moja na mtoto wa mfugaji wa Kisukuma, na nyuma yao yuko mtoto ambaye baba yake ni askari wa hifadhi. Mwalimu akiangaza ukutani slaidi isemayo, "Ng'ombe waliharibu Ihefu," amemsimamisha mtoto mmoja kizimbani. Akiangaza, "Wakulima wanaiba maji," amemsimamisha mwingine. Hata kama neno lenyewe lingekuwa na ukweli ndani yake, mtoto aliyeshitakiwa hajifunzi. Anajitetea, au ananyamaza na kuona aibu kwa ajili ya baba yake. Kwa sababu hiyo nasema kwamba njia ya kujenga maarifa, katika somo kama hili, si pambo la walimu wa kisasa. Bila hiyo somo halifundishiki kwa haki. Na kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, wenye somo la Jiografia na Mazingira, mwalimu hawezi kulikwepa jambo la mito na matumizi ya maji.

Slaidi ya kwanza iwe picha mbili za mahali pamoja: mto umejaa, na mto huo huo mwezi wa Oktoba, mchanga mtupu. Isiwe na maelezo. Chini yake swali moja, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la mwisho: "Nini kimetokea hapa?"

Kisha mwalimu anyamaze. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu, na hakuna chuo kinachoifundisha vya kutosha. Watoto wachore au waandike mawazo yao katika vikundi vya watu wanane au kumi, halafu kila kikundi kiseme. Majibu yatakuwa ya kila aina. Wako watakaosema mvua zimekoma. Wako watakaosema ng'ombe wameyanywa, au watu wa umeme wameyafunga, au mto umekasirika kwa sababu watu wameacha mila. Mwalimu ayaandike yote kwa kalamu rashia kwenye mfuko wa salfeti uliopasuliwa na kutundikwa ukutani. Asitie alama ya pata wala kosa. Asicheke, hata kidogo, maana mtoto akichekwa mara moja atajibu "ndiyo, mwalimu" mpaka amalize shule. Mawazo hayo ndiyo msingi uliopo tayari. Usipouona, utajenga juu ya kitu usichokijua.

Slaidi ya pili ni ramani tupu: milima, mistari ya mito, miduara miwili mitatu isiyo na majina. Watoto watafute mfereji wao wenyewe. "Ukitupa kijani katika mfereji unaopita nyuma ya shule, kitafika wapi?" Hapa mwalimu aseme majina. Naomba nieleweke, kwa sababu nimewahi kuwasikia vijana waliohitimu wakisema kwamba katika njia hii mwalimu haruhusiwi kumwambia mtoto neno. Huo ni upuuzi. Mtoto hawezi kujijengea jina la Kipengere, wala megawati 204. Mambo ya majina na hesabu zilizopimwa aambiwe, waziwazi, na ayakariri. Anachojenga mwenyewe ni uhusiano wa mambo hayo: hili linafuata lile kwa nini.

Halafu projekta izimwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bruce Lankford wa Uingereza na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti Usangu walitengeneza mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mkubwa ulioinamishwa, wenye mfano wa mto katikati na mashamba kandokando. Maji ni gololi. Wachezaji huweka vijiti kama mabanio ili kuzikamata gololi zinaposhuka na kuzielekeza shambani. Waliocheza walikuwa wakulima wenyewe, watu wazima wenye mashamba na mabanio ya kweli. Aliye juu alijaza shamba lake. Aliye chini aliona kwa macho yake gololi zikiishia njiani. Kisha wakakaa kuzungumza. Kwangu mimi hiki ni mojawapo ya vifaa bora vya kufundishia vilivyopata kutumika mkoani Mbeya, wala hakihitaji umeme.

Darasani tunaweza kuutengeneza kwa maboksi. Tafuta boksi gumu la urefu wa mita moja hivi, liinue upande mmoja kwa tofali mbili, bandika vipande vya boksi viwe kingo za mto, chora mashamba sita, matatu kila upande. Mwishoni weka kikombe kilichochorwa kiboko: hicho ni hifadhi na Mtera. Gololi zikikosekana, njegere kavu zinaviringika vizuri, nasi wa Mbeya hatujakosa njegere. Kanuni iwe kwamba kila shamba linahitaji gololi nne. Kwanza mimina gololi 40. Hiyo ni masika. Mashamba yanachukua 24, na 16 zinafika kwenye kikombe. Kila mtu anafurahi. Sasa mimina 12. Hicho ni kiangazi. Mashamba matatu ya juu yanashiba, mashamba ya chini hayapati kitu, na kikombe ni kitupu. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alichukua haki yake ile ile aliyochukua masika.

Waacheni watoto wagombane hapo kidogo. Kisha mwalimu awabadilishe nafasi: waliokuwa juu washuke chini. Hapo ndipo utasikia maneno ambayo hakuna slaidi iwezayo kuyasema. "Basi tufunge banio usiku." "Basi kila shamba lichukue mbili." "Na kiboko je?" Msaada wa Vygotsky ndio huu: mwalimu anatembea kati ya vikundi, na pale kikundi kilipokwama anauliza swali moja dogo, si zaidi, kisha anaondoka.

Projekta iwashwe tena kwa slaidi ya tatu: picha ya banio la kweli, mwezi wa Agosti, mpunga umevunwa, mabua makavu shambani, na maji bado yanatiririka mferejini. "Maji haya yanakwenda wapi, na nani anayahitaji?" Picha kama hii mwalimu aipige mwenyewe kwa kishikwambi chake. Picha nzuri ya mto wa Ulaya iliyochukuliwa kwenye intaneti haina faida hapa, maana mtoto hana cha kuilinganisha nayo. Na katika picha hii waonekane pia akina mama wakichota, ili asiwepo mtoto wa kudhani kwamba kufunga mfereji ni jambo jepesi.

Slaidi ya nne ni hesabu. Tukadirie kwamba ng'ombe mmoja anakunywa lita 40 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 14,600. Ekari moja ya mpunga ina mita za mraba 4,047. Tukadirie kwamba kwa msimu mzima inahitaji maji ya kina cha mita moja. Hizo ni lita 4,047,000. Gawanya. Ekari moja ni sawa na kinywaji cha ng'ombe 277 kwa mwaka. Slaidi isitoe jibu hilo. Itoe tarakimu nne za mwanzo tu, na watoto wahesabu. Mtoto wa mfugaji atainua kichwa. Lakini mwalimu asiishie hapo, maana atakuwa amehamisha kizimba kutoka dawati moja hadi jingine. Aulize: maji ya mpunga yanatumika hasa wakati gani, masika au kiangazi? Je, yote yanapotea, au mengine yanarudi mtoni? Ng'ombe wanakunywa tu, au pia wanakanyaga kingo? Na wewe uliyekula wali Krismasi, uko upande gani? Watoto wa miaka kumi na mmoja wanayaweza maswali haya. Nimewaona wakibishana juu yake mpaka kengele ya mapumziko ikapigwa wasiisikie.

Slaidi ya mwisho haitengenezwi nyumbani. Wakati vikundi vinafanya kazi, mwalimu anapiga picha ule mfuko wa salfeti wenye mawazo yao ya mwanzo, na michoro yao, na ubao wa njegere ulivyokuwa kiangazi. Picha hizo ndizo slaidi ya tano. Watoto wanayaona maneno yao wenyewe yakiangaza ukutani, na wanaulizwa: "Ungebadilisha nini?" Wengine watafuta. Wengine watayatetea mawazo yao ya kwanza, na wawe na sababu. Hiyo ndiyo tafakuri iliyoandikwa katika andalio la somo, ambayo mara nyingi huachwa tupu au hujazwa baadaye ofisini.

Slaidi tano kwa vipindi viwili vya dakika arobaini zatosha kabisa. Nimepata kuona slaidi thelathini na nane kwa kipindi kimoja. Tuziache.

Wengine watasema, shule yetu haina umeme. Slaidi ni ukurasa unaoonyeshwa mmoja mmoja kwa wakati wake, basi. Karatasi za manila tano zilizoshonwa pamoja juu na kugeuzwa moja baada ya nyingine ni slaidi. Kishikwambi kimoja kilichochajiwa kwa mwenye sola sokoni kinaweza kuzungushwa kikundi kwa kikundi wakati wengine wanacheza njegere. Ninyi walimu wa Shule ya Jumapili mliokuta bao la flaneli vestrini mnajua tayari namna ya kuleta picha moja, kungoja, na kuleta ya pili.

Nilisema nitamhitaji mzazi. Ni kwa sababu hii. Mtoto atarudi nyumbani aulizwe, "Leo mmefundishwa nini?" naye atajibu, "Tumecheza gololi." Daftari litakuwa na mistari sita tu. Mzazi aliyelipia daftari hilo atafika shuleni, na ana haki ya kufika. Wapo walimu walioiacha njia hii kwa sababu ya mzazi mmoja mwenye sauti kubwa, na kwa hofu ya mtihani wa mwisho ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi ya jibu. Hofu hiyo si ya bure. Vipindi ni vichache, muhtasari ni mrefu, na hakuna mwalimu awezaye kufundisha kila mada kwa njia hii. Mimi nisingemshauri afanye hivyo. Mada mbili au tatu kwa muhula, zile zenye ubishi ndani yake, zinatosha kumzoeza mtoto. Nyingine afundishe kwa chaki, kwa haraka, bila kuona haya. Lakini mzazi, kabla hujalalamika juu ya mistari sita, mwambie mtoto akuonyeshe mchezo huo mezani kwa njegere. Mwulize kwa nini kikombe kilikuwa kitupu. Akiweza kukueleza hata ukaanza kubishana naye, daftari si tupu.

Na tuangalie jambo la picha za watoto. Picha iliyopigwa darasani ibaki darasani. Sura za watoto zisisambazwe katika simu za watu bila ruhusa ya wazazi. Michoro na mikono inatosha.

Liko jambo moja ambalo ningependa shule zetu za pande zote mbili zijaribu. Mtoto wa Usangu yuko juu ya ubao kila siku ya maisha yake. Mtoto wa wavuvi wa Mtera yuko chini. Hawajapata kuonana. Shule ya upande wa Mbarali ikimaliza somo, ile slaidi ya tano yenye mawazo ya watoto wake na mapendekezo yao ipelekwe kwa shule moja ya upande wa Iringa karibu na bwawa, wao waanze nayo somo lao kama slaidi ya kwanza, kisha warudishe majibu. Mtandao ukisumbua, picha ziwekwe katika flashi na kupewa kondakta wa basi la Mbeya kwenda Iringa, pamoja na barua ya mwalimu inayoeleza ni darasa gani na jina la mfereji wao.